Neno la Mjomba Lililochelewa

Msomaji mmoja wa Kayole amenitumia ujumbe akisema mimi ni mnafiki. Nimemjibu asubiri kwanza, kwa sababu lililo baya zaidi bado hajalisoma.

Kwa mlionikuta njiani: naitwa Wesonga, lakini Baba Dogo nzima inaniita Wakili. Sheria sikuisomea popote. Niliacha shule kidato cha pili, nikafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo miaka kumi na sita, mpaka wakatufuta kazi kwa sababu ya mgomo nilioongoza mimi. Sheria nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia nyama. Tangu hapo, mtu akipata barua asiyoielewa, iwe ya korti au ya mwenye ploti, huniletea nimsomee.

Mwaka jana mpwa wangu Simiyu aliniletea kandarasi. Ajenti alikuwa amemwambia anakwenda Urusi kuendesha lori. Ukurasa mmoja ulikuwa wa Kiingereza, kurasa nne za Kirusi. Mbele yake na wenzake watano nilizipitia zile nne moja moja, nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubaliana na jambo, nikasema ni sawa, ni kazi ya dereva.

Sikujua hata herufi moja. Niliona aibu kusema sijui.

Simiyu hakupewa lori. Alipewa bunduki na wiki mbili za mafunzo, akapelekwa mbele kwenye vita vile ambavyo kila mwaka tunaambiwa vinakaribia kuisha. Wiki jana niliwaeleza jinsi Munene, kijana wa Buruburu aliyerudi na mkono usioinuka, alivyokaa kwenye kochi la dada yangu Nabiswa, mama yake Simiyu, akasema aliliona handaki alimokuwa Simiyu likipigwa. Hakuona mtu akitoka.

Hapo ndipo tulipoachana. Niendelee, maana nikikaa na hadithi hii hainiachi nile.

Kwetu, mtu akifa na maiti isipatikane, hukatwa mgomba. Unavikwa nguo zake, unaombewa, unazikwa kama yeye. Baada ya hapo watu hulia wakamaliza, wakarudi kazini. Lakini mgomba haukatwi ovyo. Katika ukoo wetu lazima mjomba wa marehemu asimame mbele ya watu aseme kwa kinywa chake: mtoto wetu amekufa. Mjomba ndiye humvika kijana nyama shingoni kabla ya kutahiriwa, na mjomba ndiye humfungia mlango akifa.

Mjomba wa Simiyu ni mimi.

Wiki sita wazee waliniuliza. Wiki sita nikawaambia tungoje. Niliwaambia kuhusu ubalozi, nikawasomea barua nilizomwandikia mbunge, nikaandamana peke yangu na kipaza sauti nje ya ofisi ambazo hata hazikufungua dirisha. Watu wakanisifu. Walisema Wakili hakati tamaa.

Ukweli ni kwamba sikuweza kusimama niseme amekufa, kwa sababu swali la pili lingekuwa: nani alimsomea karatasi?

Jumatano nilikuwa Gikomba, kwa Awuor.

Awuor anauza majaketi mazito, yale ya nchi za theluji. Zamani hayo yalikuwa bahati mbaya. Ukifungua robota la mitumba ukayakuta, ulijua umepata hasara, uwatafute walinzi au wapanda mlima. Siku hizi ndiyo yanayotoka kwanza. Awuor aliniambia vijana wanakuja watatu watatu, hawabishani sana bei, wanauliza kama maji yanapenya. Serikali inasema haijui ni wangapi wameondoka. Ingemuuliza mama huyu.

Siku hiyo hakunipa hata kiti.

"Wakili, ulituambia wa pili haendi."

"Wa pili yupi?"

"Luseno. Alikuja jana. Amechukua lile la kijani lenye manyoya kofiani, akauliza kama nina buti namba tisa."

Luseno ni mdogo wake Simiyu. Ana miaka ishirini na tatu, anapakia sabuni kiwandani kwa kibarua cha siku. Ni mtoto wa mwisho wa Nabiswa, na sasa ndiye pekee.

Niliondoka bila kuaga. Nilipita Kariokor kwa miguu, goti langu la kushoto likilalamika, nikaanza kuzungumza peke yangu kama mwendawazimu. Kariokor. Jina waliloliacha wale wapagazi waliobebeshwa risasi na unga katika vita vya Wazungu, wakafa njiani kwa maelfu. Na kule chini kuna Burma, tunakokwenda kula nyama choma, hakuna anayeuliza Burma ni nini. Babu yangu alikuwa vitani Burma yenyewe. Aliahidiwa shamba. Alirudi na kikombe cha bati na malaria.

Mitaa yetu imebatizwa majina ya vita vya wengine, na bado tunapanga foleni. Wakati ule walikuja na chifu na kamba. Siku hizi wanakuja kwa simu, na kijana anajifunga kamba mwenyewe: posho ya kutia sahihi, mshahara ambao hapa ni wa mwaka mzima, uraia wa familia yote. Nani atamlaumu anayepakia sabuni?

Nilimlaumu mimi. Mbele za watu.

Chumba cha Nabiswa kilikuwa kimejaa. Akina mama wa kanisa walikuwa kitandani, Kweyu, kaka mkubwa wa marehemu shemeji yangu, alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, na dada yangu alikuwa anamimina chai. Luseno alikuwa sakafuni anatengeneza pasi ya umeme iliyoharibika. Nikamuuliza moja kwa moja jaketi la manyoya ni la baridi gani, maana hapa Baba Dogo jua linapasua mabati.

Chai ikaacha kumiminika.

Luseno hakukana. Aliweka bisibisi chini, akasema alikuwa anataka kumwambia mama Ijumaa. Ndege ni Jumapili. Ajenti ni yule yule, Jacky wa Buruburu. Alisema Jacky amemweleza kwamba familia iliyokwisha kutoa mtu mmoja, wa pili hupewa posho mara mbili, na huwekwa jikoni, hafiki mbele.

Nikamwambia kaka yake naye alipewa lori.

"Khocha, mimi siendi kwa ajili ya posho," alisema. Hivyo ndivyo wanavyotuita wajomba. "Jacky anasema ukiwa ndani ya jeshi unaweza kudai mwili wa ndugu yako, ukaruhusiwa kuurudisha. Nyinyi mnataka kuzika mgomba. Mimi nataka kumzika Simiyu."

Mzee Kweyu alitazama fimbo yake. Niliona macho ya dada yangu, nikaona kitu kilichonitisha kuliko jaketi: alikuwa anafikiria. Alikuwa anaupima mwili wa mtoto mmoja dhidi ya uhai wa mwingine, kwa sababu wiki sita bila kaburi zilikuwa zimemchosha akili.

Nikajua hakuna hoja itakayomzuia Luseno isipokuwa moja. Alikuwa anamwamini Jacky kwa sababu kaka yake alimwamini Jacky, na kaka yake alimwamini kwa sababu yangu.

Nikasimama. Walidhani ninasimama kutoa neno la mjomba, na mama mmoja akajifunika leso kichwani.

Nikasema: "Zile karatasi za Simiyu sikuzisoma. Sijui Kirusi. Nilizifungua tu."

Nilitarajia makelele. Mimi ni mtu wa makelele, najua la kufanya nayo. Hayakuja.

Nabiswa aliweka chupa ya chai mezani polepole. "Nilikuwa nimesimama pale na sufuria," akasema. "Ulilamba kidole ukafungua. Ukalamba tena ukafungua. Nilijivuna. Nikasema moyoni, ona ndugu yangu."

Nikaanza kueleza. Akaniambia ninyamaze, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniambia nikiwa na miaka sita na yeye kumi, akinibeba mgongoni kuvuka mto.

Mzee Kweyu akauliza chumba kizima, si mimi, kama mtu wa namna hii anaweza bado kusimama kama mjomba. Akina mama wakatazama chini.

Lakini nilikuwa nimekiri kwa ajili ya Luseno. Nikamgeukia. Nikamwambia, sasa umesikia, yule mwanamke, Jacky, anategemea wajinga kama mimi, rudisha hilo jaketi.

Alikuwa analia, na hakuwa analia kwa namna niliyotaka.

"Ungesema siku ya kwanza," akasema. "Munene alipotoka hapa, ungesimama useme amekufa. Tungekata mgomba, tungeenda nyumbani, ningelia nikamaliza. Wewe ukasema tungoje, nikaanza kungoja. Nikaanza kumwona kila mahali. Juzi nimemfuata mtu kutoka kiwandani mpaka Ruaraka kwa sababu ya shingo yake. Mgomba ungenifunga miguu, khocha. Wewe ndiye uliyenifungua."

Akachukua bisibisi yake akatoka.

Kosa la karatasi nilikuwa nimelibeba mwaka mzima. Hili la pili sikujua hata kwamba ni kosa. Nilidhani ni subira.

Nabiswa alinisindikiza hadi langoni. Hakunisindikiza kwa heshima. Alitaka akina mama wasisikie. Aliniambia pasipoti ya Luseno iko kwa yule mwanamke, na bila pasipoti hapandi ndege.

"Uilete," akasema. "Usipoileta, usije hata kwa mazishi yangu."

Alhamisi asubuhi nilikuwa Buruburu. Ofisi ya Jacky iko juu ya duka la dawa, ngazi nyembamba, mlango wa kioo. Nilikwenda bila kipaza sauti, lakini koo nililitayarisha. Nilikuwa na hotuba tangu Kariokor mpaka Burma.

Alinikaribisha kwa jina. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyeuza bima kabla ya haya, mwenye sauti ya mtu anayekuonea huruma kwa sababu kiti chako si kizuri. Aliniletea maji. Nilipoanza kupandisha sauti, hakukunja hata uso.

"Mzee, piga kelele tu. Kila ukipiga kelele watu wanajua ofisi iko wapi. Ulipoandamana mwezi jana nilipata vijana tisa."

Nikarudisha maji yake mezani.

Akaendelea, tena kwa wema. Alisema amekuwa akitaka kunishukuru. Wale vijana sita wa mwaka jana walikaa kwenye viti hivi hivi wakakataa kutia sahihi. Walimwambia mpaka Wakili asome. Alidhani amewapoteza. Kesho yake wakarudi wote sita, wanacheka, na kalamu zao wenyewe.

Nimetukanwa na mapolisi, nimemwagiwa maji ya pilipili, nimelala seli za vituo vitatu vya Eastlands. Hakuna siku niliyotamani kutoweka kama siku ile nikishukuriwa.

Nikasema nataka pasipoti ya Luseno, basi.

Jacky alifungua droo akaiweka mezani. Ilikuwa pale, ya bluu, mkono wangu ungeifikia. Akaweka kiganja juu yake. Alieleza kwamba jina la Luseno limeshatumwa, tikiti imeshakatwa, na kule wanahesabu vichwa, hawaulizi sura. Akitoa kimoja lazima aingize kimoja.

"Nipe jina moja, mzee. Wewe unajua vijana wote wa Baba Dogo. Mmoja tu anayetaka kazi."

Msomaji wa Kayole, hapa ndipo pako.

Majina yalinijia. Sikuyaita. Yalikuja matatu kabla sijayafukuza, na la kwanza lilikuwa la mtoto wa jirani yangu, anayeshinda kwenye kona akivuta, aliyenivunjia dirisha, ambaye nilijua hata mama yake amechoka naye. Niliona uso wake. Nilifikiri: huyu nani atamlilia? Mimi, niliyesema miaka thelathini kwamba maskini hawana watoto wa ziada. Ulimi ulikuwa umekwisha kugusa meno kwa herufi ya kwanza ya jina lake.

Nikalimeza. Nikasema, "Wesonga."

"Wesonga gani?"

"Mimi."

Nilisema nikimkejeli. Nilimwambia nina miaka hamsini na mitatu, goti moja halikunjiki, macho hayaoni mbali, basi aniandike kama anathubutu. Nilingoja acheke, ili nimwambie, unaona, hata wewe unajua ni kichinjio.

Hakucheka. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kama Awuor anavyotazama robota kabla ya kulikata kamba.

"Kitambulisho unacho?" akauliza. "Goti hawaulizi siku hizi."

Na hapo, ndugu zangu, ujanja wa mtu aliyejifunza sheria kwenye magazeti ya nyama ukanipanda kichwani. Nikajiambia: kutia sahihi si kupanda ndege. Nitie, nichukue pasipoti ya mtoto, nitoke, Jumapili wanitafute. Nitakuwa nimemwibia mwizi.

Nikatoa kitambulisho. Akakipiga picha, akakiweka kwenye droo, akasema kitabaki hapo mpaka pasipoti yangu itengenezwe, ana mtu wa kuiharakisha. Nikatia sahihi mahali aliponionyesha, mara tatu. Wakati wote huo alikuwa anaandika kwenye simu kwa kidole gumba kimoja. Nilidhani anaongea na mtu wa pasipoti.

Kisha akaondoa kiganja. "Haya. Mpelekee mama yake."

Niliichukua. Nilifurahi, sifichi. Nilimwona akilini Nabiswa akifungua lango. Nilifikia ngazi nikajisikia, kwa mara ya kwanza tangu Munene akae kwenye lile kochi, kama mtu anayeweza kusimama mbele ya ukoo akasema neno lake.

Luseno alikuwa anapanda.

Alikuwa na shati la kazini, vumbi la sabuni kwenye nyusi. Tulikutana katikati, kwenye ngazi isiyotosha watu wawili. Nikainua pasipoti nimwonyeshe. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia asinichukie.

Akanikumbatia.

Hajawahi kunikumbatia tangu awe mtu mzima. Alinishika kwa nguvu mpaka bega likauma.

"Jacky amenitumia ujumbe nikiwa hapo chini," akasema. "Ameniambia umeweka jina lako, eti twende wote. Khocha, sikujua. Jana nilikujibu vibaya."

Nikafungua mdomo.

"Wacha nikwambie ukweli," akasema, na sauti yake ikawa ya mtoto. "Sikulala. Niliogopa. Nilikuwa nakuja kumwambia aniondoe, sitaki tena, tukate mgomba tu. Nimetoroka kazini nije nimwambie hivyo. Lakini kama wewe unakwenda, na goti hilo, mimi nitabakije?"

Akaipokea pasipoti yake kutoka mkononi mwangu, kwa mikono miwili, kama mama yake alivyomfundisha kupokea kitu cha mkubwa.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kumwambia. Sikutia sahihi ili twende, nilitia sahihi nikimdanganya yule. Maneno machache. Lakini jana yake alikuwa ameambiwa kwamba mjomba wake alidanganya kuhusu karatasi, na sasa ningemwambia amedanganya tena, juu ya karatasi nyingine, kwenye ofisi ile ile. Ningeona ule uso ukifungwa. Na mtu aliyefungwa uso namna ile hufanya nini? Hurudi nyumbani, au hupanda ngazi kwa hasira?

Sikujua. Wakati nikipima, alikuwa amenipita, akipanda ngazi mbili mbili.

Juu kule mlango wa kioo ukafunguliwa. Nilisikia Jacky akimkaribisha kwa jina, kwa sauti ile ya huruma, akimuuliza kama amekunywa chai.

Luseno akasimama mlangoni, akageuka, akaninyooshea mkono.

"Njoo, khocha. Polepole na hilo goti."

Nikashika ukuta, nikaanza kupanda, na nilikuwa sijajua bado nitakachomwambia nikifika.